JE, KUNGOJA NI KUTAWAKALI?
Maneno juu ya kumchelewesha mgonjwa wa kiharusi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi akaumba na dawa yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika miji ya Musoma na Bunda na Butiama, na vijiji vilivyo baina yake mpaka ukingoni mwa Ziwa, kumezoeleka jambo ambalo watu hawalihesabu kuwa ni jambo. Mtu mzima huamka alfajiri ili atawadhe, mkono wake mmoja usimtii. Au huwa sokoni akizungumza, mara ulimi ukamlemea na mdomo ukaenda upande. Walio karibu naye humlaza mkekani, wakamkanda, wakamfunika shuka, kisha wakasema: "Tungoje tuone." Hungoja mpaka jua lipande, hungoja kaka mkubwa arudi ziwani kwenye dagaa, hungoja nauli, hungoja siku ya pili. Wakimfikisha hospitali, tabibu huwauliza jambo hili limeanza saa ngapi, nao humjibu kwa siku. Akifa, au akibaki na nusu ya mwili isiyo na kazi, wote husema kwa kauli moja kwamba ni amri ya Mungu.

Neno hilo ni kweli, wala Mwislamu halikani. Linaloulizwa hapa ni swali moja: Je, kule kungoja nako kulikuwa ni kumtegemea Mungu, au kulikuwa ni kitu kingine kilichovikwa nguo ya kutegemea?

MARADHI YENYEWE

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulijua. Kiharusi, ambacho matabibu wa Kiarabu wa zamani walikiita falij kinapopoozesha upande mmoja, ni maradhi ya mishipa ya damu iliyomo katika ubongo. Mara nyingi donge la damu huziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu, ambalo hukaa mwilini miaka mingi bila ya kuuma wala kupiga kelele.

Si maradhi ya nchi za mbali. Wataalamu waliohesabu wagonjwa wapya katika Hai, Kilimanjaro, na katika Dar es Salaam, tangu mwaka 2003 mpaka 2006, waliona kwamba katika kila watu 100,000, baada ya kusawazisha umri, Hai hupatwa kwa mwaka watu kama 109 na Dar es Salaam kama 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam ni miongoni mwa kubwa zilizopata kuandikwa duniani.

Na ubongo hauna akiba. Ukikatiwa damu huanza kufa palepale. Mwaka 2006 tabibu mmoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukizibwa, chembe za ubongo zifazo kwa dakika moja ni kama 1,900,000. Mwaka 1995 ilithibitika kwamba iko dawa ya kuyeyusha donge la damu, ikiwa mgonjwa atapewa kabla ya kupita saa tatu tangu alipoanza kuugua. Na mwaka 2008 ikathibitika kwamba hufaa hata mpaka saa nne na nusu. Baada ya hapo madhara yake huweza kuishinda faida yake. Wala haifai kupewa mtu yeyote mpaka kichwa chake kimepigwa picha kwa mashine ya CT, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa nayo London mwaka 1971. Kwani aliyepasukiwa na mshipa akipewa dawa ya kuyeyusha damu, huweza kuuawa nayo. Na kwa nje wagonjwa hawa wawili hufanana. Hapana mzee, wala fundi, wala mwalimu awezaye kuwapambanua kwa macho.

Basi katika maradhi haya saa ni sehemu ya dawa. Anayeipoteza saa amemwaga dawa iliyomo chupani.

NJIA NA KUNGOJA

Hapana budi kusemwa haki: nchi hii ni pana. Kutoka Butiama mpaka Musoma mjini ni kilomita zisizofika 50. Kutoka Bunda mpaka Musoma hazifiki 90. Na kutoka Musoma mpaka hospitali kubwa ya Bugando, Mwanza, ni zaidi ya 200. Mtu wa kisiwa cha Rukuba yataka kwanza avuke maji, na maji yana upepo wake. Hata hospitali ya rufaa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, iliyoko Kwangwa, Musoma, ilianza kujengwa katika miaka ya 1970, ikasimama miaka mingi kuta zake zikipigwa na mvua, kabla ya kuanza kupokea wagonjwa katika zama hizi. Aliye juu ya mambo ya watu ataulizwa kwa kila mwaka uliopita hivyo, kwani kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Lakini njia ina urefu unaojulikana, nao haubadiliki. Gari huimaliza barabara ya Musoma na Mwanza kwa muda wa saa nne au pungufu. Mara nyingi wakati huwa umekwisha kabla gari halijatafutwa. Umekwisha mkekani, katika mashauri.

Na ajabu ya mashauri hayo ni kwamba ndani yake hapana mtu mbaya. Mke anamngoja mume kwa sababu ya adabu. Mdogo anamngoja mkubwa kwa sababu ya heshima. Jirani ananyamaza ili asionekane mjuaji. Kila kungoja kumoja, kukitazamwa peke yake, kuna udhuru wake. Na zikikusanywa zote zimekuwa mauti. Kwa hiyo wengi hudhani hapana mwenye lawama, maana hapana aliyeamua kuchelewesha. Dhana hiyo ndiyo yataka kupimwa kwa mizani ya sharia.

UDHURU WA KWANZA: KUTAWAKALI

Mwenye elimu kidogo huja na hoja yenye nguvu, nayo haifai kufichwa. Husema: "Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameandika kwamba kujitibu ni sunna, na kwamba mwenye kuacha dawa kwa kutawakali amepata fadhila. Basi jambo lililo sunna, mwenye kuliacha hana dhambi. Kwa nini walaumiwe waliongoja?"

Jawabu la hoja hii lina pande mbili.

Upande wa kwanza: dawa hazilingani. Imam Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu ya Shafii, amezigawanya sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Liko fungu la yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuliacha hilo wakati wa kuhofia mauti amesema si kutawakali kabisa, bali ni haramu. Liko fungu la dhana yenye nguvu, nazo ni dawa nyingi za matabibu. Na liko fungu la kudhania tu. Fadhila ya kuacha haikusemwa juu ya fungu la kwanza. Na katika vitabu vya madhehebu imenukuliwa kauli ya kuwa kutibu ni wajibu pale mtu anapokuwa na jeraha linalohofiwa kumwangamiza. Aliyezibwa mshipa wa ubongo ana jeraha la namna hiyo, ila halionekani kwa nje.

Upande wa pili ndio mkubwa zaidi, nao husahauliwa. Fadhila ile ni ya mgonjwa mwenyewe, aliye na akili yake na ulimi wake, akachagua kwa nafsi yake. Kutawakali ni amali ya moyo, na amali za moyo hazina wakala. Mtu hawezi kusubiri kwa moyo wa mwenziwe, wala kuridhia kwa mwili usio wake. Aliyepatwa na kiharusi mara nyingi ulimi umefungwa, hakusema "Niacheni." Waliomwacha ni wengine, nao hawakutoa chochote katika vyao: walichokitoa ni mkono wake, na mguu wake, na maneno yake. Mwenye kutoa sadaka mali ya mtu mwingine bila ya idhini hana thawabu, bali ana deni. Basi vipi atakayetoa uhai?

Na mgonjwa akiwa anasema, akaelezwa mambo kwa ukweli, kisha akakataa kupelekwa, hiyo ni haki yake na hesabu yake. Asiyekuwa na ulimi haachwi kwa sababu hiyo. Yeye ni amana.

Tena yatosha habari ya Sayyidna Umar, aliyekuwa akielekea Sham, akapata habari ya tauni, akageuka kurudi na watu wake. Abu Ubayda alimuuliza je, anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchunga aliye katika bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu. Popote atakapochunga ni kwa kadari. Gari liendalo Musoma ni kadari, kama kitanda kilivyo kadari. Aliyechagua kitanda asiseme kwamba amechaguliwa.

UDHURU WA PILI: JINI NA UCHAWI

Wengine hawataji kutawakali. Hutaja upepo, na jini, na husuda ya jirani. Yasidhaniwe haya ni ya watu wa shamba tu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, watu wa Hai, ambao ni wa vijijini, wengi walikieleza kiharusi kwa sababu za mwili. Watu wa Dar es Salaam, mji mkubwa wenye shule na hospitali, ndio waliokitaja zaidi kuwa ni kazi ya mashetani na uchawi. Basi taa za umeme peke yake haziondoi giza hili.

Na ajue msomaji kwamba falij iliwapata watu wema tangu zamani. Aban, mwana wa Sayyidna Uthman bin Affan, ndiye aliyeipokea dua mashuhuri isomwayo asubuhi na jioni ya kujikinga na kila dhara. Kisha yeye mwenyewe akapatwa na falij. Mtu mmoja alikuwa akimkazia macho kwa mshangao. Aban akamwambia kwamba hadithi ni kama alivyoisimulia, wala hakumsingizia Mtume, ila siku ile aliyopatwa hakuisoma, ili kadari ya Mungu ipite. Hakumtuhumu jirani, wala hakutafuta nani amemroga. Mwana wa Khalifa amepooza upande, na watu wameendelea kupokea elimu kwake.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, wala hapana anayeikataza. Lakini Qur'ani husomwa ndani ya gari vilevile kama isomwavyo chumbani. Anayesema, "Asomewe siku saba kwanza, ndipo apelekwe," hakuitukuza Qur'ani. Ameifanya kuwa kizuizi cha njia.

Na anayemchanja mgonjwa huyu chale, au anayempa vidonge vya kuipunguza damu uzito kabla ya kichwa kupigwa picha, na aikumbuke hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa atakachokiharibu.

UDHURU WA TATU: KUWANGOJA WAKUBWA

Heshima kwa mkubwa ni katika dini. Lakini dini hiyohiyo imeweka mpaka wake. Wanavyuoni wa Kishafii wameandika kwamba mtu aliye katika swala ya fardhi, akamwona anayezama na hapana mwingine wa kumwokoa, ni wajibu juu yake aikate swala. Na aliyefunga Ramadhani, asipoweza kumwokoa illa kwa kufungua, afungue na alipe. Haki ya Mwenyezi Mungu imesimamishwa kwa ajili ya nafsi ya mja. Basi shauri la ukoo lina utukufu gani hata lisikatwe?

Aliyezibwa mshipa ni mtu anayezama mbele ya watu walioketi. Watu wa Ziwa wanaijua hukumu ya jambo hili bila ya kitabu: mtumbwi ukipinduka Mwigobero, hapana asemaye, "Tumngoje mjomba atoke Bunda ndipo tutoe kamba."

Na wako waliongoja kwa kuwa walipewa fatwa na asiyejua. Imepokewa kutoka kwa Jabir habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, akapata janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa alikasirika, akasema kwamba wao ndio waliomwua, na akauliza kwa nini hawakuuliza wakati hawajui. Watu wale hawakumpiga, wala hawakumtakia shari. Walisema neno bila ya elimu, na neno likaua. "Tungoje tuone" ni neno la jinsi hiyo likisemwa na asiyejua maradhi.

Anayemngoja mumewe aliye ziwani na asiwe na hofu: mume akirudi akakuta mtu wake yuko hospitali, hapana haki yake iliyovunjwa. Wala mwanamke aliyepatwa asicheleweshwe kwa kutafutwa tabibu wa kike. Wanavyuoni wameruhusu tabibu mwanamume kwa dharura, kwa kadiri ya haja, pamoja na kuwapo mtu wake.

UDHURU WA NNE: UMASKINI

Huu ndio udhuru wa kweli, na asiyekuwa na kitu Mungu hamkalifishi. Bodaboda ina bei, na gari la kukodi usiku lina bei kubwa zaidi, na mlango wa hospitali nao huuliza fedha. Mwenye kuuchekea udhuru huu hajapata kulala na njaa.

Walakini na litazamwe jambo moja. Mtu yuleyule aliyekosa nauli siku ya maradhi, siku ya mauti yake hukosi kuona gari, na sufuria, na mchele, na watu waliotoka Tarime na Mwanza, na daftari la rambirambi limejaa majina. Fedha ilikuwako. Haikuwa mfukoni mwa mkewe. Ilikuwa mifukoni mwa jamaa na majirani, ikingoja kuambiwa kwamba ni wakati wake. Hapa hukumu humtoka mtu mmoja ikawaenea wote, kwa kuwa kumwokoa aangamiaye ni faradhi ya kutosheleza: akisimama mmoja, wote wamesalimika, wasiposimama, wameingia wote waliojua na wakaweza. Msikiti unaokusanya sanda na usikusanye nauli ya mgonjwa umeanza kazi mwisho wake.

Nayo si ndoto. Kwa ajili ya wenye mimba na watoto wachanga, ulianza mwaka 2022 kuenezwa nchi nzima mpango wa m-mama, ambao kwa simu ya bure nambari 115 hutafutiwa mama gari la hospitali, na lisipokuwapo huitwa dereva wa mitaani aliyekwisha kuandikishwa naye akalipwa. Kilichowezekana kwa mama wa Majita kinawezekana kwa baba yake, serikali na raia wakitaka.

PINGAMIZI YA MWISHO

Atasema msemaji: "Hata akifika mapema, dawa ile ni ghali na adimu. Mbio hizi ni za nini?"

Kwanza, aliyedhaniwa kuwa na kiharusi huenda akawa ni mwenye kisukari aliyepungukiwa na sukari, ambaye hufanana naye sana. Tone la damu kidoleni hulifunua jambo hilo, na akipewa sukari kwa mshipa huweza kuinuka mara moja. Aliyengojwa mpaka asubuhi huweza kufa kwa kitu kilichotibika kwa dakika. Pili, mgonjwa huyu mara nyingi hawezi kumeza sawasawa. Uji anaonyweshwa nyumbani kwa huruma huingia mapafuni, na homa ya mapafu ndiyo humwua. Wauguzi wanaojua kazi humkinga na hilo. Tatu, wengine hupatwa na dalili zikaondoka baada ya dakika chache, nyumba nzima ikashangilia. Na hilo ni onyo, kwani hatari ya kiharusi kikubwa iko karibu mno katika siku zinazofuata. Akienda siku ileile huweza kuzuiliwa nacho.

Wala hapana ahadi ya kwamba atakayewahi atapona. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa katika hospitali ya St Thomas', London, akitibiwa saratani ya damu. Akapatwa humo na kiharusi, matabibu wakiwa pembeni mwa kitanda, na tarehe 14 Oktoba 1999 akafariki, akarudishwa kuzikwa Butiama. Ajali haikuzuiliwa na hospitali. Lakini waliomhudumia hawakudaiwa kuizuia ajali. Walidaiwa juhudi, wakaitoa. Na jamaa wa mgonjwa wa Kiabakari au Nyamuswa hawadaiwi zaidi ya hayo: hawataulizwa kwa nini amekufa, wataulizwa walifanya nini saa ile.

HUKUMU NA NASAHA

Kwa jumla ya yaliyotangulia: mwenye kungoja hali hajui, na hapana aliyemfundisha, anatarajiwa udhuru, na lawama huwarudia waliojua wakanyamaza. Mwenye kungoja kwa kukosa kabisa, baada ya kuomba msaada, hana dhambi. Ama aliyejua, na njia anayo, akangoja kwa haya, au kwa cheo, au kwa kutafuta mchawi, kisha akakuita huko kungoja kutawakali, huyo amekusanya mawili: amepoteza amana, na amemsingizia Mola wake.

Wala si halali kwa mtu kumwendea mjane aliye eda akamwambia, "Wewe ndiwe uliyemwua kwa kumchelewesha." Hukumu hii imewekwa kwa ajili ya siku inayokuja, si jiwe la kumpigia aliyekwisha kuumia.

Basi kila nyumba na ijue haya kabla ya siku yake. Mtu akibadilika ghafula, aambiwe atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme Bismillahi. Mdomo ukienda upande, au mkono mmoja ukashuka, au maneno yakamlemea, hapana shauri tena. Iwekwe akilini saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Alazwe ubavu, asipewe chakula wala maji wala dawa. Liitwe gari, na aelekezwe hospitali, si zahanati isiyo na mashine, ikiwa hospitali yafikika. Kila msikiti uwe na dereva mmoja aliyekubaliana nao, na kisanduku kimoja kisichofunguliwa illa kwa jambo hili. Na wazee wapimwe shinikizo la damu, na aliyepewa dawa yake asiiache kwa kuwa anajiona mzima.

Akisha kupandishwa garini na njia ikashikwa, hapo ndipo mahali pa kutawakali. Mkono umefanya wake, na moyo na ufanye wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu na wa watu wote, na awape walio karibu nao miguu myepesi na elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.